Utambi Ambao Haujawashwa

Zamani, kabla Wajerumani hawajapasua barabara ya Akheri, palikuwa na jiwe pana ambalo Anyesi na marehemu mama yake walianikia ulezi, wakipiga soga mpaka jua lizame nyuma ya Meru.

Siku ya kulivunja ili barabara ipite, Anyesi alipanda juu yake akakataa kushuka. Fundi wa baruti, Mikidadi, mtu wa Tanga, hakumfokea. Alimwonyesha unga mweusi kiganjani.

"Dada, huu ni mkaa kama wa jikoni kwako, salfa ile ya manjano, na shura, chumvi inayokwanguliwa ardhini. Kila kimoja peke yake ni kipole; vikichanganywa ndipo hupasua mwamba."

"Jiwe langu limekukosea nini?"

"Halijanikosea. Nimeamriwa tu. Kaa kwanza, utambi sijauwasha."

Anyesi akakaa, akalipapasa jiwe lililokuwa na joto la mchana, akamlilia mama yake. Kisha akashuka mwenyewe. Mikidadi akapaza sauti, "Baruti!" Mlipuko ukatikisa migomba yote.

Wiki ile kambi ya wajenzi wa barabara ilihamia mbele, na Mikidadi akaenda nayo. Miaka mingi baadaye, kila baruti iliposikika upande wa Arusha, Anyesi alijuta kwamba hakumwambia ahsante kwa kumwacha akae kwanza.