Ufa wa Ngazini

Asubuhi hiyo mhadhiri wa ujenzi aliamka sauti imemkauka kabisa. Alifungua kinywa kumsalimu mkewe, kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta.

"Baba Watoto, leo pumzika," mkewe alimwambia, akijizuia kucheka.

Apumzike? Wanafunzi mia mbili wanamsubiri, na mtihani umeshabisha hodi. Akaenda.

Sasa, huyu ndiye aliyekuwa akiwatimua wenye simu ukumbini bila kupepesa macho. Kwa hiyo alipoandika ubaoni "TOENI SIMU," hakuna aliyethubutu. Mtego huo, walidhani! Ikabidi atoe yake kwanza na kuiinua juu, ndipo kicheko kikalipuka ukumbi mzima.

Wakati akipanda ngazi alikuwa amepiga picha ya ufa uliokata ukuta kwa mshazari kutoka kona ya dirisha. Akaituma kwenye kundi la darasa pamoja na swali: Ufa huu umeletwa na nini?

Majibu yakamiminika. Yeye aliyezoea kujibiwa na walewale watatu wa mstari wa mbele, alisoma mpaka kidole kikamuuma. Karibu wote waliandika: uzito wa ghorofa ya juu.

Wamekosea! Miaka kumi na moja ameuliza "Tumeelewana?" na kuitikiwa "Ndiyooo!" kumbe walikuwa wakimridhisha tu. Lakini badala ya kuudhika, moyo ulimdunda kwa furaha. Angalau leo amejua pa kuanzia. Akaandika: Tazameni ufa umelalia upande gani.

Punde ikaingia picha nyingine. Ilitoka kwa msichana wa mstari wa nyuma, ambaye wenzake walimwita Kimya.

"Mwalimu, nimetoka nje kuangalia. Bomba la maji ya mvua limevunjika, maji yote yanaishia kwenye msingi. Upande huu ufa ulikolalia umetitia!"

Mhadhiri akapiga meza kofi. Akataka kupaza sauti, ukatoka mluzi. Basi akaonyesha mlango kwa mikono yote miwili: twendeni!

Wakamwagika nje, wakisukumana kuona. Kimya alikuwa katikati yao, akieleza kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Fundi wa chuo akaja mbio kuuliza kuna nini, akaliona bomba, akajikuna kichwa.

"Nani kawaambia?"

"Tumo darasani, fundi!"

Mhadhiri alikuwa ameshainamia simu yake. Sasa ufa tutaurekebishaje? aliandika, na simu mia mbili zikalia kwa mpigo.