Mkono wa Léonard

Sakafu ya jumba la wafalme wa Mysuru ilikuwa baridi, na viatu vyote vilikuwa vimeachwa nje, lakini baridi hiyo Verdiane hakuisikia. Alichokisikia ni mkono wa mzee Léonard juu ya kiwiko chake, mkono mzito wenye sugu za jembe, ukimwegemea kama mtoto anavyouegemea mgongo wa mamaye.

Mzee huyo alikuwa haoni. Jicho moja lilimfia kitambo. La pili lilikuwa limepasuliwa juzi katika hospitali ileile alimolazwa Myriam, binti wa Verdiane, akipona upasuaji wa moyo. Bandeji ingefunguliwa kesho. Jumapili hiyo Bienvenu, mwanafunzi wa Goma aliyekuwa mkalimani wa wagonjwa Wakongomani nchini India, aliwakusanya walioweza kutembea akawapeleka kulitazama jumba. Verdiane alikuwa amekataa kwenda, mpaka alipochungulia dirishani akaona ni nani anayesaidiwa kupanda gari. Ndipo akachukua kitenge chake akashuka.

"Mama Myriam, umushike Papa Léonard kidogo," Bienvenu alimwambia langoni. "Niende kutafuta wale wengine."

Naye akamshika.

Miaka tisa ilikuwa imepita. Huko kijijini kwao Mushaki, nchini Kongo, mashamba yao yalipakana: Athanase, mume wa Verdiane, alilima maharage upande wa juu wa kilima, Léonard upande wa chini, penye mawe. Walisali kanisa moja. Kisha Léonard akawanong'oneza watu wenye bunduki kwamba Athanase anaficha silaha. Nyumba ikateketezwa mchana kweupe. Athanase akachukuliwa, asirudi tena. Mwezi haukwisha, Léonard akawa anapanda upande wa juu. Verdiane alikimbilia Goma akiwa mjamzito, na tangu alipojifungua alikuwa na wawili wa kulea: Myriam na kisasi. Hakuna aliyelala njaa.

"Mama, unielezee," Léonard alisema. "Nisirudi nyumbani niseme nilifika kwa mufalme na sikuona kitu. Hapa mbele iko nini?"

Mbele yao palikuwa na ukumbi wa nguzo nyembamba, na juu dari la vioo lililochorwa tausi, likimwaga mwanga wa kijani na buluu juu ya vichwa vya wageni. Kando, ngazi za mawe zilishuka hadi uani. Verdiane alizitazama ngazi zaidi kuliko tausi. Hatua tatu tu, na kimya kidogo. Nani angemlaumu mgeni asiyejua njia? Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wakati wa kubusu ulikuwa umekwisha. Akamsogeza hatua moja.

Kisha akasimama. Kuanguka kulikuwa kufupi mno. Léonard angefika chini bila kujua ni nani aliyemwangusha.

"Iko nyumba," alianza. "Ya mbao, bati yake mupya. Mwanamuke anaanika maharage."

Léonard akatabasamu. "Ni picha ya kwenye ukuta?"

"Ee, njo picha. Bwana yake anavaa shati ya kanisa, ni siku ya Mungu. Bantu saba wanapanda kilima. Hawaulize njia, kuko muntu alishawaonyesha. Ule muntu anasimama chini, kwenye mawe. Anashika jembe. Anaangalia moshi."

Tabasamu likafifia. Mzee akajaribu kuuvuta mkono wake.

"Verdiane," alisema. Hakuwa anauliza.

Verdiane akamwachia. Akarudi nyuma hatua tano, akaegemea nguzo. Léonard alibaki katikati ya ukumbi, peku, mikono mbele, akipapasa hewa huku wageni wakimkwepa. Miaka tisa Verdiane alikuwa akiingoja sura hiyo. Aliitazama hadi akashiba, na ilikuwa tamu.

Mzee hakumwita Bienvenu. Alisema na hewa:

"Sijue kama uko karibu. Athanase, mimi njo nilimuzika. Walimuacha ku njia ya kwenda Walikale. Nilifuata damu siku ya tatu. Iko chini ya muti ya avoka, karibu na kivuko. Niliweka mawe juu."

Miaka tisa Verdiane alimwombea Athanase bila kujua aelekee wapi. Sasa, katika dunia nzima, aliyejua kaburi lake alikuwa huyu. Hata kilio cha mumewe ilimbidi akipokee kutoka mkono huu. Akamchukia upya, chuki mbichi. Hata hivyo akamrudia.

"Kivuko gani? Toka Mushaki, kona kwa kona."

Léonard akaeleza. Verdiane akamrudisha mwanzo mara tatu, kijito kwa kijito, hadi alipojua kwamba angeweza kufika peke yake.

"Utanisamehe?" mzee aliuliza.

Bandeji ilikuwa imeteleza. Verdiane akaiweka sawa, polepole, kwa ncha za vidole.

"Kesho docteur atafungua hii jicho," alisema. "Nitakaa mbele yako. Nataka uanze na kuona mimi."

Léonard akainamisha kichwa. Uani, Bienvenu alikuwa akiwapungia mkono watu wake. Verdiane akamshika mzee, imara kuliko mwanzo, wakaziendea ngazi. Alimtajia moja baada ya nyingine, kwa sauti tulivu, wala hakumwacha ajikwae hata mara moja.