Kasuku wa Kasisi Loveday

Kufikia saa nne asubuhi, watu saba walikuwa wameshampongeza Drusilla Penhallow kwa uchumba ambao mwenyewe hakuwa na habari nao.

Wa kwanza alikuwa mama yake, aliyeingia chumbani machozi yakimlengalenga. "Mwanangu! Mke wa kasisi! Na miaka yako ishirini na saba hiyo, mwenzio nilishakata tamaa."

"Mama, nani kakwambia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu jana dansini. Kasisi Loveday kakuinamia, kasema, 'Ukikubali utanitua mzigo mkubwa.' Nawe ukaitikia kwa kichwa."

Kuitikia aliitikia. Lakini fidla zilikuwa zikipigwa karibu na sikio lake, hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa kwa Luteni Jago Rosewarne wa jeshi la majini, upande wa pili wa ukumbi. Sasa angemgeukaje kasisi aliyemkubali mbele ya watu wote? Angesemwa hadi mjini Truro.

Mjakazi akaleta chai na habari mbaya zaidi: luteni alikuwa amefunga sanduku lake, anaondoka na gari la farasi la saa sita kwenda bandari ya Plymouth.

Drusilla hakuigusa chai. Alivaa kofia, akashika njia ya matope hadi kwa kasisi. Aliyemfungulia ni Loveday mwenyewe, uso umempauka kama mgonjwa.

"Binti Penhallow," akasema kwa unyonge, "mimi ni muungwana. Kama watu wote wanajua umenikubali, nitakuoa."

"Kwani si uliniposa?"

"Nilikuomba unichukulie kasuku!"

"Kasuku?"

"Wa marehemu mjomba, baharia. Askofu anakuja kukaa kwangu Alhamisi, na huyu ndege..."

Sauti ya ukali ikatoka sebuleni: "Funga mlango, tumbo pipa we!"

Kasisi akaiva uso kwa aibu. Drusilla alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo hunitaki?"

"Hata kidogo! Yaani, nisamehe, sikukusudia..."

"Usiombe radhi, Kasisi. Tangu nizaliwe sijaambiwa neno tamu kama hilo. Ndege wako nitamchukua leo hii hii. Nawe mwambie mama yangu ukweli, maana mimi nina haraka."

Akakimbia, sketi kaishika mikononi, wala hakujali nani anamwona. Alipofika kwenye nyumba ya wageni, farasi walishafungwa garini na Jago alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye kipandio.

"Hongera, Binti Penhallow," akasema bila kumtazama usoni.

"Asante. Nimepata kasuku."

"Umepata nini?"

Akamweleza yote huku anahema. Jago akaushusha mguu wake taratibu.

"Literemshe sanduku langu," akamwambia mwendesha gari.

"Hee! Si ndiyo kwanza nimelifunga?"

"Literemshe, kaka." Akamgeukia Drusilla, kofia mkononi. "Miezi minne nimekaa natafuta maneno ya kukuambia. Jana nikajua nimechelewa, na leo nilikuwa nakimbia kama mwoga. Nakupenda. Sina nyumba kubwa, na wakati wowote wanaweza kunipangia meli niende baharini. Utanikubali?"

Bibi mmoja akatoa kichwa dirishani mwa gari. "Mkubali basi, mwanangu, sisi tuna safari!"

"Nimekukubali," alisema Drusilla. "Na safari hii nimesikia kila neno."

Abiria wakapiga makofi. Gari likaondoka, na wao wakabaki uani, sanduku limelala kwenye tope kati yao. Drusilla akajibwaga juu ya sanduku, akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi.

"Unaumwa?" Jago akauliza kwa hofu.

"Hapana," akajibu, akimpisha nafasi. "Njoo ukae kwanza. Kwa mama tutakwenda, lakini si sasa hivi."