Jumanne za Mama Pindo

Alipewa jina la Mama Pindo kwa sababu alipinda sare za shule kwenye cherehani yake kwa miaka thelathini. Macho yalipoanza kuingia ukungu, daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, itabidi atolewe.

"Huyu ndiye mtoto pekee aliyekubali kukaa na mimi," alisema, "na nyinyi mnataka kumtoa!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mama Pindo alitabasamu tu. Mumewe alishafariki, na mwanawe wa kumzaa alikuwa nchi ya mbali, akipiga simu Jumapili akikumbuka.

Upasuaji ulikwenda salama. Kabla hajaruhusiwa, alifuatwa na muuguzi wa utafiti, dada wa sauti ya chini. Walikuwa wanajaribu matone ya maji yenye hewa ya haidrojeni ndani yake. Walitumaini hewa hiyo ingezima zile kemikali zinazolichoma jicho baada ya kupasuliwa.

"Yanasaidia?"

"Hatujui, mama, ndiyo maana tunajaribu. Nusu yenu mtapata yenye hewa, nusu maji ya chumvi matupu. Hata mimi sijui nani anapata yapi. Na hewa yenyewe haikai, ukifungua kichupa imeshatoroka. Kwa hiyo nyumbani unafungua kipya kila mara, unatia papo hapo. Kila Jumanne unakuja tukuangalie. Wiki kumi na mbili."

Akatia saini.

Jumanne ikawa siku yake. Alioga mapema, akavaa gauni la kijani. Pale kliniki aliweka kidevu kwenye chombo cha kupimia, na muuguzi akakaa upande wa pili, uso kwa uso, akamtazama ndani ya jicho kimya, bila haraka. Kisha maswali: Linawasha? Linauma? Unalala vizuri? Tangu amzike mumewe, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama analala vizuri.

Wiki ya kumi alihesabu zilizobaki: mbili tu. Alipoulizwa kama jicho linawasha, mdomo ukamtangulia.

"Linawasha. Sana."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. Akaitwa daktari, akaangalia mara mbili, akamwita mwenzake. Wakasogea dirishani wakinong'ona, lakini masikio ya Mama Pindo hayakuwa na kasoro: walikuwa wanajadili kumwachisha matone, na kuandika kwamba huenda yanadhuru.

Madaktari walipotoka, alimshika muuguzi mkono.

"Mwanangu, haliwashi. Nimekudanganya."

"Kwa nini, mama?"

Mama Pindo aliinama. "Nilidhani mtaniongezea Jumanne."

Muuguzi hakumgombeza. Alikata kwa kalamu lile jibu la uongo, akaandika ukweli juu yake, akatia saini pembeni.

"Mama, kinachoandikwa hapa ndicho watakachotibiwa nacho wengine."

"Nisamehe."

"Yameisha. Weka kidevu tena."

Jumanne mbili zilizobaki alizijibu kwa ukweli mtupu. Ya mwisho, muuguzi alimshika mkono kwa mikono yote miwili, halafu akaita jina la mgonjwa anayefuata.

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi simu ikalia, si Jumapili, akaikimbilia. Ilikuwa kliniki, sauti ya kijana asiyemjua, akimsomea matokeo. Waliopata hewa walionekana kupata nafuu kidogo, lakini watu walikuwa wachache mno kusema lolote kwa uhakika. Yeye alikuwa kwenye kundi la maji ya chumvi.

"Mbona nimepona?"

"Umeponywa na upasuaji, mama."

"Haya. Na yule dada muuguzi yupo? Nimsalimie."

"Alishahamishwa."

Hakuuliza amehamishiwa wapi. Alishukuru, akakaa na simu mkononi mpaka kioo kikazimika, kisha akainuka kupika. Ukutani juu ya jiko kulikuwa na nyufa nyembamba ambazo hakuwahi kujua kama zipo. Sasa aliziona zote, hata ile ya juu kabisa, karibu na dari.