Vigelegele vya Inshirahi

Shammu Nasimu, sikukuu ya Wamisri ya kukaribisha machipuko, haina msamaha: asiyekula samaki wa fesikhi huonekana kajitenga na watu. Bayumi, fundi wa majiko wa pale Tanta, alikula kwa niaba ya ukoo mzima. Samaki mwenyewe alivundikwa kwenye chumvi mpaka jirani wa ghorofa ya nne akafunga madirisha. Kesho yake mchana kope zikamlegea Bayumi, ulimi ukawa mzito, na dada yake Inshirahi akamkokota mpaka chumba cha dharura.

"Kaka yangu anakufa!" akamwambia Wisamu, nesi wa meza ya mapokezi.

Wisamu alikuwa anabangua mbegu za tikiti. "Kala fesikhi?"

"Kidogo tu."

"Kila mwaka mnaambiwa msile, kila mwaka mnakula, halafu harufu mnatuletea sisi. Kaeni hapo."

"Anaona vitu viwili viwili, sista!"

"Ana bahati. Wapo wasioona hata kimoja."

Bayumi akainua uso kwa shida. "Inshirahi, huyu mwanamke ni mmoja au wawili?"

"Mmoja, kaka."

"Alhamdulillahi."

Wakakaa karibu na mzee Shinawi, aliyekuwa amemshikilia mkewe mwenye mkono uliovunjika. Inshirahi akalia. Alianza kwa sauti ya chini, akapandisha, akafika kwenye ile aliyomlilia marehemu mama yake. Hakuna aliyegeuka, na mlango wa daktari haukufunguka.

"Usijichoshe, binti yangu," mzee akamwambia. "Mke wangu kalia tangu asubuhi. Wao wanaongeza sauti ya televisheni."

Kichwa cha Bayumi kikamwangukia Inshirahi begani, pumzi zikawa fupi. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Huyu ndiye aliyeacha shule ili yeye asome. Hofu ikamgeuka kuwa hasira, na hasira ikamkumbusha jambo moja: Mmisri anaweza kukipuuza kilio mwaka mzima, lakini hawezi kusikia vigelegele akabaki kitini. Akasimama katikati ya chumba, akaweka mkono mdomoni, akavipiga.

Mbegu za Wisamu zikamwagika. Mlango ukafunguka kwa kishindo, wakatoka manesi watatu, mfagiaji na fagio lake, na daktari Lutfi mwenyewe akijifuta mdomo.

"Heri, heri! Nani kaolewa? Sharbati iko wapi?"

"Bwana harusi huyu hapa," Inshirahi akasema.

Daktari akacheka, akamshika Bayumi mkono ampongeze. Mkono ukamponyoka ukaanguka.

"Madaktari wamekuja wawili," Bayumi akanong'ona. "Mmoja akamtazame yule mama wa mkono."

Kicheko kikamkauka daktari. Akamfunua kope. "Huyu kala fesikhi! Mbona sikuambiwa?"

Inshirahi akamtazama Wisamu. Wisamu akatazama mbegu zake sakafuni.

"Kitanda! Na dawa ya sumu, upesi!"

Alasiri daktari alimwambia Inshirahi kwamba kaka yake atapona, ila pole pole. Wangechelewa saa moja tu, pumzi ingekatika. Inshirahi akaenda mezani kuchukua karatasi.

"Vigelegele haviruhusiwi hospitalini," Wisamu akamwambia. "Umenishtua."

"Nimelia nusu saa mbele yako. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuinuka?"

Wisamu akafungua kinywa ajibu kwa kejeli, kejeli ikamkataa. "Kila mtu hapa analia, dada," akasema.

Nyuma yao mzee Shinawi akasimama. Akamtazama mkewe, ambaye mpaka saa hiyo hajaitwa, akakohoa, akaweka mkono mdomoni kama alivyomwona Inshirahi akifanya. Kwao hakuna mwanamume aliyewahi kupiga vigelegele, na hata yeye hakuvijua. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mbuzi aliyebanwa mlangoni.

Wisamu alikuwa wa kwanza kuinuka.