Wa Mwisho Huchagua Kwanza

Kocha Reuben simsamehe, na mtu asije kunihubiria.

Ligi yetu ilikuwa imeoza. Mumbuni walikuwa na tajiri, basi kila kijana aliyejua kupiga chenga walimnunua, na sisi wa Muthetheni tukawa wa kufungwa mabao manane. Mwenyekiti Nuradin, mchuuzi wa ng'ombe aliyewahi kuishi Amerika, akachoka.

"Hii ni maneno ya Ulaya, mwenye pesa ndio ananunua kombe," alituambia uwanjani. "Kule Amerika mishahara iko na kikomo, na timu ya mwisho ndio inachagua wachezaji wapya kwanza. Hata sisi tutafanya hivyo."

Tulipiga makofi. Nani asingepiga?

Mwisho wa msimu tulikuwa mkiani pamoja na Mitaboni, na wakati huo kila kocha alikuwa akimtamani Yahye, mshambuliaji mpya aliyengoja kuchaguliwa. Ilibaki mechi moja, kwetu nyumbani. Reuben akamwita mdogo wangu Ndunda, kipa.

"Tupoteze hii, tupate Yahye. Usiambie mtu."

Ndunda alinieleza akiwa karibu kulia. Timu moja ya Nairobi ilikuwa imemwita kwa majaribio, na kudaka ndiyo kazi pekee aliyoipenda duniani. Lakini alilelewa kutii mkubwa, akatii.

Aliachia matatu. La tatu lilipita katikati ya miguu yake taratibu, hata bibi yangu angelizuia.

"Ameuza mechi!" mtu akapaza sauti.

Walioingia uwanjani hawakuwa wageni. Ni majirani zetu, watu tunaoteka nao maji. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya sikio. Akapiga magoti, akainua mikono kukinga kichwa, na mpini wa jembe ukatua kwenye mkono wa kulia. Mfupa niliusikia ukivunjika. Wakampiga mateke ya mbavu, wakamkanyaga mdomo mpaka meno yakatoka. Nilimng'ata mwanamume mmoja sikio, damu yake ikanijaa kinywani, akanitupa chini kama gunia. Kutoka pale chini nilimsikia Ndunda.

"Kocha, waambie! Waambie!"

Reuben alikuwa amesimama kando ya benchi, mikono mifukoni. Neno moja tu lingetosha. Alijua kwamba akilisema mawe yatamgeukia yeye, akanyamaza mpaka walipochoka.

Siku ya kuchagua tulikuwa wa kwanza, kama alivyopanga. Yahye alisimama mbele kwa shati safi, akitabasamu. Lakini kikomo cha mishahara kilituachia nafasi ya mchezaji mmoja tu, na golini hatukuwa na mtu. Reuben akachagua kipa. Yahye akaenda Mitaboni.

Wiki hiyo Reuben akaja kwetu, kofia mkononi. Ndunda alikuwa ameketi mlangoni, vidole vyake vya kulia vimekauka, havikunjiki.

"Syombua, niko na shida," akaniambia, bila kumtazama Ndunda. "Kipa mpya hana glavu."

Nilishika mchi wa kinu, na wallahi ningempasua.

"Wacha, dada," Ndunda akasema. "Mpe."

Nikaingia ndani, nikamletea moja, ya kushoto. Ya kulia daktari aliikata kwa makasi, mkono ungali ndani.