Vidole Vinne vya Pindo

Mwaka ule watu waliacha kabisa kushonesha nguo mpya, na fundi cherehani akajiandikisha kwenye kazi za serikali za kuchimba mitaro, kwa malipo ya mfuko wa unga kila Ijumaa. Mkewe, aliyekuwa akibeba udongo kwenye karai, alimwona akishika jembe kama anashika sindano, akajua hapa pana kazi.

Kila mtu alichimba kipande chake kwa upana aliopimiwa. Fundi akaongeza vidole vinne kila upande.

"Mzee, nani kakwambia uongeze?" msimamizi aliuliza.

"Hiyo ya pindo, bosi. Nguo ikipwaya naipunguza. Ikibana, mteja ananirudishia."

"Mtaro hauvaliwi. Kesho mabomba yakicheza humo, jina lako nalikata."

Siku hiyo mkewe hakusema naye. Unga wa nyumba nzima ulikuwa unaning'inia kwenye pindo.

Asubuhi mabomba ya zege yalishushwa. Yalikuwa manene midomoni, yakakataa kuingia kila kipande isipokuwa cha fundi. Msimamizi alizunguka mara mbili, akavua kofia, akajikuna.

"Haya, wote ongezeni vidole vinne," alisema. "Mzee, wapimie."

Fundi akaitoa futi yake shingoni. "Mama watoto, bado umeninunia?"

"Wewe pima," mkewe alijibu, akiuficha uso nyuma ya karai.

Mtaro ulishafukiwa zamani, na fundi naye hayupo. Mkewe akipita hapo hupunguza mwendo, akacheka peke yake.